Mlio Mmoja wa Saa Nane

Baba,

Shikamoo. Shuleni tulifundishwa kwamba barua huanza kwa kuuliza hali, kisha mwandishi anasema yeye ni mzima wa afya. Nimeandika hivyo mara tatu na mara tatu nimechana karatasi. Hali yako naijua, nami si mzima. Leo ni Jumapili, nimetoka misa ya kwanza, nimejifungia chumbani kwangu hapa Majengo, mjini Moshi, na simu yako iko mezani mbele yangu. Haijawashwa tangu siku uliyokufa. Kwa miezi minne imelala kabatini chini ya vitenge. Chaja yake nimeitoa pia, lakini naogopa kuichomeka.

Unaijua simu hiyo kuliko mtu mwingine, lakini ngoja nikukumbushe, maana kuikumbuka ndiyo furaha pekee iliyonibakia. Ilikuwa simu yangu ya kwanza. Niliinunua imeshatumika, kwa jamaa mmoja karibu na stendi ya Moshi, nzito kama kipande cha sabuni ya mche, na kiantena chake kifupi juu. Niliifunga kamba nikaivaa shingoni. Wateja waliokuja kushonesha nguo waliitazama kwanza simu, ndipo wakanitazama mimi. Krismasi ile nikapanda nayo Kibosho, nikitaka kijiji kizima kione kwamba Manka wa kwako amefika mbali.

Kumbe kule juu hakuna mtandao. Sikukuu nzima nilizunguka kwenye migomba nimenyoosha mkono juu, na wewe umekaa kwenye kigoda na kata yako ya pombe ya mbege, unanitazama. Ukasema nimenunua redio isiyoimba. Watu walicheka mpaka nikatamani kuitupa kwenye zizi la ng'ombe.

Lakini kesho yake uliniamsha mapema. Ulisema wewe umefungulia watu maji ya mfereji wa mfongo miaka thelathini, unajua kila kinundu cha mlima huu na upepo unakopita, na kama hicho kitu kinataka mahali palipoinuka, mahali unapajua. Tukaufuata mfereji hadi kwenye lile jiwe la juu, pale maji yanapogawanywa. Nikapanda juu ya jiwe. Kikatokea kijiti kimoja cha mtandao, kisha cha pili. Nikakupa uongee na kaka yangu Valeri aliyekuwa kazini mpakani Holili, ukapiga kelele, "Haloo! Valeri! Ni mimi baba yako!" kwa sauti ya kusikika Uru nzima. Nikakuambia ukipiga kelele hivyo hata simu haina kazi. Ukanikatia jicho, kisha ukacheka mpaka ukakaa chini.

Mwaka uliofuata nikanunua simu mpya, ndogo, yenye mwanga wa kijani, na ile ya kwanza nikakuletea wewe. Hapa ndipo ninapoanza kukuungamia. Betri yake ilikuwa imechoka. Nilijua. Asubuhi inajaa, jioni imekwisha, na ukiongea dakika tatu inazima yenyewe. Nilijua, Baba, nikajiambia kwamba mzee hana mtu wa kuongea naye muda mrefu, itamtosha. Kizuri nikabaki nacho, kibovu nikakifunga kwenye kitenge kipya nikakiita zawadi. Nawe ulinibariki mbele ya majirani na kunitemea mate ya heri kifuani.

Ndiyo maana tukapatana habari ya kubipu. Ukibonyeza mbili na kushikilia, ni mimi. Ukibonyeza tatu, ni Valeri. Mlio mmoja maana yake "nimeamka salama," nami nakurudishia mmoja. Milio miwili mfululizo maana yake kuna jambo, nipigie. Hutumii vocha, wala betri haichoki. Ulipenda sana mpango huo. Ulisema, "Usiipokee, Mama, utanilia vocha bure." Uliniita Mama kwa sababu nina jina la mama yako, na tangu ufe hakuna anayeniita hivyo.

Kila siku saa moja na nusu asubuhi ulikuwa umeshakata majani ya ng'ombe, umeshapanda kwenye jiwe, simu umeifunga kwenye nailoni ndani ya mfuko wa shati pamoja na rozari. Mlio mmoja. Nami huku chini namrudishia mzee wangu wake, kisha nawasha pasi. Ukishapata jibu uliizima kutunza chaji, na mara mbili kwa wiki ulimpelekea Mama Aika, jirani yako, akuchajie kwa betri ya gari dukani kwake, ukimletea ndizi kama shukrani. Sasa ikifika saa moja na nusu naacha kila kitu. Hata kama nimeshika mkasi, nauweka chini. Najua hakuna kitu, na bado nasubiri.

Siku ile uliamka salama. Uliniambia mwenyewe, mlio mmoja, nami nikajibu. Ilikuwa masika, mvua imenyesha usiku kucha. Saa nane mchana nilikuwa nampima bibi harusi, pini mdomoni, simu iko juu ya cherehani. Ikalia mara moja, ikanyamaza. Nikaangalia, ni wewe. Nikacheka. Yule binti akauliza ni nani, nikamwambia ni mzee wangu, amesahau kwamba ameshanisalimia asubuhi. Akasema nina bahati kuwa na baba anayenikumbuka hivyo. Nikakurudishia mlio mmoja, mashine ikasema hupatikani. Nikajiambia, ni betri. Nikaendelea na kipimo cha kiuno.

Sikujiuliza kwa nini mzee wa miaka yako apande kwenye jiwe mara mbili kwa siku, kwenye utelezi ule. Sikujaribu hata kumpigia Mama Aika, na namba yake ninayo, na dukani kwake mtandao hushika siku moja moja. Nilikuwa nahesabu pini.

Kesho yake saa moja na nusu haikulia. Nikasema tena, ni betri. Saa tatu Mama Aika akanipigia. Ng'ombe wako alikuwa amelia tangu alfajiri hajakamuliwa, ndipo Mama Aika akatoka kukutafuta, akakukuta kwenye jiwe, umeegemea kama mtu anayepumzika, na simu iko mkononi.

Daktari alisema ni moyo. Alisema tena jambo ambalo hakuna aliyemuuliza, kwamba haukuwa moyo wa kuzima mara moja, huenda ulikuwa hai hadi jioni. Valeri alisimama akatoka nje. Mimi nilibaki nimekaa. Gari la Kibosho halichukui hata saa nzima, Baba. Saa nane hadi jioni ningepanda na kushuka.

Tulikuzika kihambani, kwenye shamba letu la migomba, ubavuni mwa mama yetu, na kwenye matanga wakanisifu. Hicho ndicho kinachoninyima pumzi. Mmoja baada ya mwingine walisimama wakasema hakuna mzee Kibosho aliyetunzwa kama wewe, binti yako alikununulia simu, alikujulia hali kila siku ya Mungu. Valeri naye akasimama, akasema dada yangu amemjali Baba kuliko mimi, akashindwa kumalizia. Nilitakiwa kuinuka niseme ukweli. Nikainamisha kichwa, watu wakadhani ni unyenyekevu.

Baadaye Valeri alinivuta pembeni, nyuma ya jiko. Akaniuliza, "Manka, Baba akikubipu mara moja, maana yake ilikuwa nini?" Nikajua ameshagundua. Nikamjibu nikitazama chini, "Ni salamu tu, kaka. Salama." Akasema, "Basi sawa." Tangu arobaini hajakanyaga Kibosho. Nikimpigia anajibu kwa maneno mawili. Nimeishi nikiamini kwamba ananichukia na ananistahi tu kwa kuwa mimi ni dada yake.

Jambo lingine. Siku ya arobaini tulikuta kaburini kwako jani la isale limefungwa fundo, bado bichi. Hakuna aliyesema ni lake. Sisi tuliozaliwa huku tunajua, mtu hampelekei mwenzake isale ila anapomwomba msamaha, na anayeletewa hawezi kukataa, hata kama ni damu imemwagika. Watu wakasema bila shaka ni yule jirani mliyegombana naye zamu ya maji. Mimi nililitazama nikaona wivu. Nilitamani ningekuwa na ujasiri wa kuleta la kwangu. Kisha nikajiuliza, marehemu anapokeaje? Nani atalishika jani kwa mkono wake aseme yamekwisha?

Nimefika mwisho wa kuchelewesha. Simu hii inaweka majina ya watu uliowapigia. Yamo humo ndani tangu siku ile. Miezi minne nimejishikilia kwenye uzi mmoja tu, kwamba mlio ule ulikuwa salamu. Mzee alipata nafasi mchana, akamkumbuka binti yake, akapanda kumsalimia, akafia hapo akiwa na amani. Nikiiwasha huenda uzi ukakatika. Nisipoiwasha nitaendelea kuishi hivi, na hivi siwezi tena. Naichomeka, Baba.

*

Ni mchana sasa. Utanisamehe mwandiko.

Iliwaka. Saa yake imepotea, inasema ni saa sita kamili ya siku isiyokuwepo, kwa hiyo muda haikunipa. Wala haisemi ulijaribu mara ngapi. Ukipiga namba moja mara ishirini inakuandikia jina mara moja tu. Kwa hiyo sitajua kamwe kama ulinibipu mara moja ukatosheka, au ulisimama kwenye mvua ukibonyeza mbili, mbili, mbili, na huo mmoja tu ndio uliofika. Hilo nitakufa nalo.

Lakini jina langu halikuwa juu, Baba. Juu kabisa, la mwisho kupigwa, lilikuwa la Valeri. Langu lilikuwa la pili.

Nilikaa nikayatazama majina hayo mawili mpaka maharage yakaungua jikoni. Salamu haitumwi kwa watoto wawili kwa mpigo, mchana, kutoka juu ya jiwe linaloteleza. Ulikuwa unatuita. Ulianza na mimi kwa sababu niko karibu, nikajaribu kukujibu mlio kwa mlio kama mtoto anayecheza, na nilipokosa kuja ukabonyeza tatu. Uzi umekatika. Nimelia kwa sauti mpaka mwenye nyumba akagonga mlango, nikamwambia naumwa jino.

Ndipo nikamkumbuka Valeri nyuma ya jiko. Hakuwa ananihoji. Alikuwa anajiuliza mwenyewe. Bila shaka alipata mlio mmoja Holili, akiwa kwenye foleni ya malori, naye akauacha, na akaja kwangu, mimi niliyezijua sheria za mlio, ili nimwambie kama amemuua baba yake. Nami kwa kujiokoa nikamwambia ni salama. Na lile isale, Baba. Halikuwa la jirani. Ni yeye aliyepanda alfajiri kabla yetu, akalifunga fundo, akaliweka, akashuka kimya kimya. Tumekuzika watoto wawili, kila mmoja ameficha mlio wake, na kila mmoja akimwogopa mwenzake.

Sikuombi unisamehe. Hapo kwako siwezi kupata jibu, na sitajidanganya kwamba upepo kwenye migomba ni sauti yako. Nimekosa na nitabaki nimekosa. Ila kuna mtu mmoja aliye hai anayebeba kile ninachobeba, na yeye anaweza kulishika jani kwa mkono wake.

Kesho asubuhi napanda Kibosho. Nitakata isale mpakani mwa kihamba, pale ulipolipanda wewe, nitalifunga fundo nikiwa nimesimama kaburini kwako ili uone. Simu nitaibeba. Kisha nitashuka nipande gari la Holili. Nitamwonyesha majina yote mawili, langu na lake, nitamwambia kuhusu pini na bibi harusi na betri niliyoijua kuwa imechoka. Akitaka kunipiga anipige. Nisipopata la kusema, nitampa jani.

Najua atanikwepa. Akiona namba yangu atasubiri ikate, kama alivyozoea, kwamba ni dada tu, anasalimia. Safari hii haitakata.

Pumzika, Baba yangu. Kubipu nimeacha. Nikishuka Holili nitasimama pembeni ya barabara nimpigie mwanao, na nitaiacha iite, na ikiisha nitapiga tena, mpaka aipokee.

Mama yako,
Manka