Kioo Kilichoanikwa na Mpunga

Kaka Fredy,

Shikamoo. Hapa Viwanja Sitini mimi mzima, na kibanda changu cha kutengeneza simu kinakwenda. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza.

Juzi Mama Leticia alidumbukiza simu yake jarubani, akaianika juani kwenye turubai pamoja na mpunga. Kioo kikawa cheusi chote. Akaja analia, "Fundi, imekufa!"

"Kaa kivulini, mama, nayo ikae."

Ilipopoa, maandishi yakarudi. "Mchawi wewe!" akasema, akaondoka kabla sijajitetea.

Si uchawi. Ndani ya kioo kuna kimiminika ambacho chembe zake hulala zikielekea upande mmoja, kama miche ya mpunga iliyopandwa kwa kufuata kamba. Ukikibonyeza kidogo zinainama, ukiachia zinarudi. Joto likizidi zinavurugika, kikipoa zinajipanga tena.

Najua hapo umetabasamu. Ndiyo maneno yako kila siku: nirudi Kiberege kwa mume wangu, hasira za Joachim zimepoa. Lakini kioo kikishapasuka, Kaka, kile kimiminika huvuja na doa jeusi hutambaa. Hapo hakuna kivuli cha kusaidia. Ile simu aliyonipiga nayo usoni ninayo hapa mezani, na doa lake. Utaiona.

Jumamosi ukija kunichukua, njoo peke yako. Nitapika wali na kambale wa kututosha sisi wawili, kisha nitakusindikiza stendi, nami nirudi kibandani.

Mdogo wako,
Balbina