Alcide na Mwavuli wa Mazishi

Shoga, mjinga wa leo ni kaka yangu Alcide, na kakubali mwenyewe.

Unamjua. Ujanani rapu tu, baadaye roki, na jazi akaiita muziki wa wazee wanaosinzia. Mjomba Lucien alimbembeleza aipende mpaka mzee akachoka. Sasa Alcide ana mvi, kaipenda jazi juzi juzi, na anatufundisha sisi tuliolelewa nayo hapa New Orleans!

Leo tunamzika mjomba. Alcide kaomba aongoze msafara na mwavuli wa kuchezea, ndiyo heshima yake ya mwisho kwa mzee. Kapewa.

Desturi yetu, bendi hupiga polepole mpaka kaburini, tukishazika ndipo tunacheza. Basi bendi inapiga polepole, watu wanalia. Pale kona tarumbeta zikanyamaza kidogo. Alcide akadhani tumeshazika, zamu ya kucheza imefika! Mwavuli ukafunguka, leso juu, kiuno hicho! "Haya jamani, chezeni!"

Anacheza, shoga. Anacheza! Na jeneza liko nyuma yake!

Nikamvuta koti. Bado anabisha: "Ninyi hamuijui jazi! Jazi haisubiri!"

Ernestine, mke wa mjomba, mjane mwenyewe, akainua shela. "Lucien alikusubiri maisha yake yote uupende muziki huu. Wewe umeshindwa kumsubiri afike kaburini?"