Pichi za Bibi

Ran-hee shoga yangu, uko? Nimeharibu. Nimewaharibia watu Chuseok nzima.

Si unajua leo ni sikukuu yao ya kwanza ya mavuno tangu bibi yake mume wangu Tae-gyu afariki? Meza ya marehemu imepangwa, wali wa mchele mpya, matunda mekundu mashariki, meupe magharibi. Mlango ukaachwa wazi ili bibi aingie ale.

Na mimi kwa kiherehere changu nikaongeza bakuli la pichi za kopo! Unakumbuka kule hospitali? Alikuwa hagusi kitu ila pichi, tena nimlishe mimi.

Baba mkwe akaganda. "Nani kaweka pichi?"

Nani kaweka pichi, Ran-hee!

"Mimi, Baba. Alizipenda."

Mama mkwe akajishika kichwa. "We mtoto, kwenu hawakukufunza? Tangu enzi za mababu, mizimu hufukuzwa kwa tawi la mpichi! Unamkaribisha mgeni huku umemshikia rungu?"

Nimekimbilia chooni na bakuli langu. Ndiko niliko mpaka sasa, liko mapajani.

Baba mkwe hajanigombeza. Bora angenigombeza! Ametoka na soksi tu mpaka kwenye lifti, namsikia anaita polepole, "Mama, zimeshaondolewa. Rudi ule."

Supu imepoa. Tae-gyu ananiandikia kwamba kila lifti ikifunguka, hata kama haina mtu, baba yake anasogea pembeni kumpisha.