Shali Nyeupe ya Mbarka

Gabes, 3 Machi 1974

Dada Mbarka,

Salamu nyingi. Sisi wazima, kikohozi cha Belgacem kimepoa. Goti lako je?

Binti yangu Rebah anaolewa baada ya mavuno ya shayiri. Naomba ile shali yako. Ni nyeupe bado, nawe kwa umri huo hutaitia rangi nyekundu ya wake za watu. Tutaitia sisi, Rebah aingie nayo kwa mumewe. Usiwe mchoyo.

Mdogo wako, Salha


Tamezret, 12 Machi

Salha,

Salamu zimefika. Goti linauma. Kikohozi cha mumeo hakinihusu.

Shali ile ilikula sufu ya kondoo sita, na kila uzi nilisokota mimi, nikiwa mchumba wa Belgacem. Mapambo niliyafuma kwa pamba nyeupe ndani ya sufu nyeupe. Pamba haishiki rangi, kwa hiyo hayaonekani mpaka sufu itiwe rangi. Ulimchukua Belgacem kabla sijaitia rangi. Sijawahi kuiona kazi yangu.

Mvi hizi, na bado navaa nyeupe ya wasichana! Kisimani watoto huniuliza, "Bi harusi, mahari imefika?" Leo nina kondoo arobaini na nyumba niliyoichimba mlimani kwa jasho langu. Mume umemchukua, sasa na shali? Mfumie mwanao. Lo, nimesahau: hata kusokota hujui.

Dada yako, Mbarka


Gabes, 20 Machi

Dada,

Hujambo? Nilimsomea Belgacem barua yako. Akasema, "Nilimchagua Salha, hakunifunga kamba." Umesikia? Shali isiyo na bwana ni blanketi tu. Ilete, au ngojea nyeusi ya vikongwe.

Salha


Tamezret, 2 Aprili

Salha,

Mimi mzima, hata goti.

Jana nilipeleka shali kwa mtia rangi. Mkewe akauliza, "Nani anaolewa?" Nikamjibu, "Hakuna. Chochea moto."

Ilipotoka sufuriani ilikuwa nyekundu kama komamanga, na mapambo yakajitokeza meupe: nyota, vitana, samaki. Samaki mmoja nilimkosea, ameelekea nyuma peke yake. Nadhani siku ile nilikuwa namwaza Belgacem. Nikakaa chini, nikacheka mpaka mke wa mtia rangi akaniletea maji.

Shali haitakaa mabegani mwa Rebah. Harusini nitakuja nimeivaa. Mkininyima mkeka, nitasimama mlangoni. Wageni wote watapita hapo.

Dada yako, Mbarka