Kofi la Kompyuta

Binti yangu,

Chakula kimo kwenye sufuria, pasha moto. Ukiona skrubu ndogo chini ya meza iokote, ni ya kompyuta.

Asubuhi imezima tena, kioo kikawa cha buluu chote, na wewe ulikuwa bado umelala. ~~Labda ile michezo yako~~ Hapana. Michezo nilishaifuta yote, nikakufungia na kompyuta yenyewe kwa neno la siri, na bado imezima. Nikampigia fundi. Akanielekeza nifungue ubavuni, nikakuta kipande cha memori kimelegea, kimekaa upande. Akauliza, "Mzee, kuna mtu anaipiga?"

 Unajua ninavyoizaba kofi ikichelewa, kama nilivyokuwa naipiga redio ya bibi yako. Redio ilikuwa inaitika. Hii kila kofi lilizidi kuilegeza, ikizima nakugeukia wewe. Mbele ya shangazi yako nikakuita mharibifu. Uso nitauweka wapi?

Kipande nimekibana mpaka kikalia tak. Insha yako iko salama, nimeichungulia. Shangazi nitampigia mwenyewe, usimwambie kitu kabla yangu. Ikichelewa kuwaka, ingoje tu. Usiniige mimi.

Neno la siri ni kifaranga. Nilikufungia kwa jina nililokuwa nakuita ulipokuwa unajifunza kutembea, maana nilijua, kwa ulivyonikasirikia, hutalijaribu.

Baba