Kungumanga ya Sikukuu

Mwanangu Mwatum, hapo Uroa hotelini,

Salamu sana. Simu siitaki, nnaandika kwa mkono wangu. Jana wanao walipandwa na wazimu wa sikukuu, wanaruka makochi, wanataka pembea za Mnazi Mmoja. Bi Naznin jirani akanicheka, "Babu, leo umeshindwa!" Mimi nshindwe? Nliwakunia kungumanga kwenye uji, kama mama alivyotutuliza sisi, ila mimi nlizidisha. Wakatulia kama maji ya mtungini.

Anwar kaamka mchana huu, anatapika. Ummkulthum bado kalala, nguo yake mpya iko kitini. Nnamwita, haitiki naam. Bi Naznin anapiga kelele za hospitali. Nimemwambia mtoto katulia tu.

Dereva aliyekuletea barua hii, rudi naye.

Babako, Borafya