Mnarani na Mama Rehema

Jumatano, 3 Julai
Nimepakia kabichi tangu alfajiri. Magunia mazito yote nimerusha mimi, wenzangu walishika viuno tu. Jioni nikasikia Mama Rehema anakwenda pwani kumwona mjukuu mpya, kwa binti yake mkubwa, Zubeda. Anatafutwa wa kumsindikiza na kubeba viazi. Nikasema mimi. Mshenga wangu ameshapeleka posa ya Rehema, mama mtu kanyamaza. Baba yao alishafariki, jibu ni la mama peke yake. Basi aje anione kazini.

Rafiki yangu Shabani ananicheka. "Mghosi, mwanamume mzima, unakwenda kuposa au kubeba viazi?"
Vyote, mjinga wewe.

Ijumaa, 5 Julai
Tumefika. Joto la huku si la binadamu. Nimekuja na koti na gambuti kama ninakwenda shamba la Lukozi, watoto wa hapa wananifuata kunitazama. Wajifunze.
Mtoto wa Zubeda kanuna. Nikasema kachukua kwa bibi yake. Zubeda alicheka. Bibi hakucheka.

Mama Rehema anataka kuuona mnara wa taa, ule wa zamani za Wajerumani. Hawezi kurudi milimani bila kuufikia, atawaambia nini wenzake? Zubeda yuko na kichanga, mumewe Salehe ana kazi. Niachieni mimi, nikasema. Salehe akanielekeza. "Njia ya watoto hiyo. Kwenda na kurudi piteni juu, kwenye vilima vya mchanga. Chini ufukweni msipite, mchana maji yanajaa."
Mtu wa tambarare ananifundisha mimi kutembea.

Jumamosi, 6 Julai
Nguo nimezianika, sasa naandika.

Kwenda tulipita juu kama tulivyoambiwa. Vilima gani hivyo? Kwetu hiyo ni matuta ya viazi. Ila mchanga unarudisha mguu nyuma, na gambuti zilijaa mpaka nikazivua nikazibeba. Mama Rehema alitembea na kandambili zake tu. Mimi nilihema. Sikumwonyesha.

Mnara mweupe, chokaa imebanduka, mlango una kufuli. Mfupi kuliko mikaratusi ya kwetu, nikamwambia. Aliweka kiganja ukutani, akatazama bahari muda mrefu. Alifurahi, nilimwona. Tukala mihogo.

Kurudi nikasema tupite chini, mchanga mgumu, magoti yake yatapumzika. Akauliza, "Si tumeambiwa maji yanajaa?"
Nikatazama juu. Hakuna wingu hata moja. Nikatazama bara kama tunavyofanya nyumbani kabla ya kuvuka mto, kama mvua inapiga huko juu. Kweupe. Nikamwambia, "Maji yatoke wapi, mama? Mvua yenyewe haijanyesha."
Naye mtu wa milimani. Akaona nina akili. Tukashuka.

Bahari haihitaji mvua. Sasa najua. Ilikuja polepole, haina kelele kama mto, kila nikigeuka iko karibu zaidi. Tulipofika katikati imeshagusa kilima. Kupanda hakupandiki, mchanga unaporomoka na juu ni miiba. Nyuma maji. Mbele maji, na baada ya hapo ndipo kilima kinapolala, pa kutokea. Mama Rehema alishika mwamba akaanza kusoma dua. Wimbi likamfika magotini, akayumba.

Kwetu mkwe hamgusi mama mkwe. Hata mkono hampi. Mimi bado si mkwe, lakini ndicho ninachoomba.
Nikachuchumaa mbele yake. "Panda, mama."
"Wewe mtoto una wazimu!"
"Panda. Utanitukana nchi kavu."
Akapanda. Maji yalinifika kiunoni, mara moja kifuani. Ameshika shingo yangu mpaka naona nyota. Gambuti zimekwenda, viatu vyake vimekwenda. Nililia kidogo, chumvi ya bahari imenificha. Nilipomshusha alikaa mchangani akanipa mgongo, akafunga kanga upya. Akaniambia nitangulie. Mbali.

Sina cha kujisifu. Ningemuua mama wa watu.

Jumapili, 7 Julai
Salehe kanisema mbele ya wote. Mama Rehema haniangalii kabisa.

Jumatano, 10 Julai
Nyumbani. Njia nzima alikaa kiti cha mbele, mimi cha nyuma kabisa. Shabani anataka hadithi, nimemwambia bahari ni kubwa, basi. Rehema kanitumia ujumbe: mama hasemi kitu, kulitokea nini? Sijajibu. Naogopa. Neno hilo nimeliandika, silifuti.

Ijumaa, 12 Julai
Mshenga amekwenda kuuliza. Kaambiwa asubiri. Nimepakia kabichi, sikurusha hata gunia moja kwa mbwembwe. Wananiuliza kama naumwa.

Jumapili, 14 Julai
Ukungu asubuhi. Nilikuwa napanda kutoka bondeni na majani ya ng'ombe. Mama Rehema anashuka, kuni kichwani. Siku zote hunisimamisha katikati ya njia, ananiuliza habari za nyumbani usoni kabisa. Nikaandaa shikamoo yangu na msamaha.

Hakunifikia. Aliacha njia, akaingia kwenye mahindi, akanipa mgongo na kuvuta kanga mpaka usoni. Kijana wa jirani hapishwi hivyo. Anapishwa mkwe.

Nikatua majani. Nikageukia ukingo wa njia, nikaiambia ile ardhi shikamoo.
"Marahaba," yakasema mahindi.
Nilibaki nimeangalia udongo mpaka hatua zake zikaisha.